Supu nyepesi ya viazi: Sufuria moja, mabakuli mawili

DAKTARI hufunzwa mambo mengi katika chuo kikuu, lakini upishi wa supu si mojawapo. Mimi nilifunzwa jambo hilo Ifo, na mwalimu wangu alikuwa mama mmoja kijana aliyekuja zahanatini akiwa amembeba mtoto mgongoni, akanikosoa kwa maneno machache ambayo sijayasahau. Katika makala ya leo nataka kukueleza namna ya kupika supu ya viazi isiyo na mafuta mengi wala chumvi nyingi na ambayo bado inashibisha. Lakini kwanza nitakueleza kosa nililofanya, maana bila kosa hilo maelezo ya upishi hayatakufaa sana.

Kwa wasiopafahamu, Ifo ndiyo kambi kongwe kuliko zote katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa mwaka 1991, mwaka ambao serikali ya Siad Barre ilianguka mjini Mogadishu na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Kenya. Kambi tatu za kwanza, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000 tu. Mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa kubwa nchini Somalia, watu waliokuwa Dadaab yote walizidi 400,000.

Wengi wetu tukisikia neno kambi huwaza njaa, kuhara na surua. Ni kweli magonjwa hayo yapo. Lakini kambi iliyokaa zaidi ya miaka thelathini ina wazee pia, na wazee huja na magonjwa yao. Mtu aliyefika Ifo akiwa na miaka thelathini mwaka 1991 sasa ana zaidi ya sitini. Ana presha. Pengine ana kisukari. Magoti yanamuuma. Na huyu mzee anakula katika sufuria ile ile anayokula mjukuu wake wa mwaka mmoja. Hapo ndipo tatizo letu la leo lilipo, na halipo Ifo peke yake. Lipo Garissa mjini, lipo Eastleigh, na huenda lipo nyumbani kwako.

KOSA LANGU

Mwaka 2018 alikuja kwangu bibi mmoja mwenye miaka sitini na kitu. Alilalamika kuumwa na kichwa kisogoni kila asubuhi. Nilimpima presha, nikamwacha apumzike, nikampima tena. Ilikuwa 178 juu ya 102. Nikamwuliza chakula chake. Akanieleza kupitia mkalimani kwamba jioni nyumbani kwao hupikwa maraq, yaani supu ya Kisomali, yenye viazi, nyanya na mfupa wa mbuzi ukipatikana. Mkaza mwanawe ndiye mpishi, na hupika vizuri sana: vitunguu hukaangwa ndani ya nusu kikombe cha mafuta mpaka viwe vyekundu, kisha hutiwa vidonge viwili au vitatu vya kukoleza mchuzi, na chumvi juu yake.

Nilifanya kama nilivyofunzwa. Nikamwandikia dawa, nikamwambia, "Mama, kuanzia leo supu yako iwe nyepesi. Punguza mafuta, punguza chumvi." Akaitikia kwa kichwa. Nje foleni ilikuwa ndefu, jua limeshapanda, nami nikaita mgonjwa mwingine.

Baada ya wiki kumi alirudi. Presha ilikuwa imeshuka hadi 146 juu ya 88. Nilifurahi, nikajiona daktari hodari.

Wiki iliyofuata akaja yule mkaza mwana na mtoto wa miezi kumi na sita. Mtoto hakuwa na homa, hakuwa akihara, lakini alikuwa mnyonge na hachezi. Muuguzi akamzungushia ule utepe wa kupimia mkono. Utepe huo una rangi tatu: kijani maana yake mtoto yu salama, manjano ni utapiamlo wa wastani, na nyekundu ni utapiamlo mkali. Mkono wa mtoto ulikuwa na sentimita 12.1, rangi ya manjano. Miezi mitatu nyuma alikuwa katika kijani.

Nikamwuliza mama mtoto anakula nini. Alikuwa amejifunza Kiswahili sokoni, akanijibu mwenyewe bila mkalimani: "Supu. Supu ya nyanya yake. Daktari, wewe ulisema iwe nyepesi. Nimeondoa mafuta, nimeondoa njegere, nimeongeza maji. Sufuria ni moja. Nitapika mara ngapi na kuni ni hizi?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilisema "nyepesi", nyumbani ikaeleweka "maji". Nilimtibu bibi na kumsahau mjukuu aliyekuwa akila pamoja naye. Mtoto aliandikishwa katika mpango wa chakula cha nyongeza siku hiyo hiyo, na mimi nikamwomba mama aketi tuzungumze juu ya sufuria yake. Yafuatayo ndiyo tuliyokubaliana, pamoja na mengine niliyoyaongeza baadaye kwa kuwasikiliza akina mama wengine.

NYEPESI SI MAJI MATUPU

Kiazi chenyewe si adui wa mtu mwenye presha. Gramu 100 za kiazi kibichi zina kalori 77 hivi, protini gramu 2, na mafuta karibu hakuna kabisa. Zina madini ya potasiamu kama miligramu 420, na potasiamu husaidia mwili kuitoa chumvi na kuilegeza mishipa ya damu. Tena zina vitamini C kama miligramu 20.

Uzito wa supu hutoka katika vitu tunavyoviongeza. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Nusu kikombe ni vijiko vinane, yaani karibu kalori 1,000 kabla hujatia kiazi hata kimoja. Na vile vidonge vya kukoleza mchuzi, karibu nusu ya uzito wake au zaidi huwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kisichojazwa hadi kufurika. Ukitia vidonge vitatu na chumvi juu yake, bakuli moja la jioni linaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho.

Kwa hiyo supu nyepesi maana yake ni mafuta ya kupimwa na chumvi ya kupimwa. Haimaanishi kuondoa viazi, kuondoa njegere au kuzidisha maji. Ukiondoa mafuta lazima uweke kitu kingine cha kushibisha, la sivyo mtu ataamka usiku kutafuta mkate na chai ya sukari, na hapo hatujafanya kazi yoyote.

Hali kadhalika, usiyaondoe mafuta yote. Mafuta ya mgao yamekuwa yakiongezwa vitamini A, na vitamini hiyo, pamoja na ile inayotoka katika karoti na mboga za majani, haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta kidogo.

VITAMINI C NA UGONJWA WA KISEYEYE

Huenda msomaji akauliza, mbona daktari huyu anasisitiza kiazi na ndimu? Sababu ni hii. Nafaka, kunde kavu, mafuta na chumvi, ambavyo kwa miaka mingi ndivyo vilivyokuwa msingi wa mgao wa wakimbizi, karibu havina vitamini C. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Ikikosekana kwa miezi michache, fizi huvimba na kutoka damu, miguu huuma, vidonda haviponi. Ugonjwa huo ndio kiseyeye.

Zamani ulikuwa ugonjwa wa mabaharia. Mwaka 1747 daktari wa meli aitwaye James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa tiba mbalimbali akaona waliokula machungwa na ndimu ndio waliopona upesi. Lakini kiseyeye hakikubaki baharini. Katika miaka ya 1980 kilizuka katika kambi za wakimbizi wa Ethiopia zilizokuwa Somalia na Sudan, watu wakiugua huku wakipata unga na mafuta kila mwezi. Tumbo lilijaa, fizi zikaoza.

Sasa, vitamini C huharibiwa na moto na huyeyuka katika maji. Ukichemsha viazi kisha ukamwaga maji, umeimwaga pamoja nayo. Ndiyo maana naipenda supu: maji yake hunywewa. Na ukikamulia ndimu baada ya kuitoa supu motoni, unarudisha vitamini ambayo moto ulikula.

KUCHAGUA VIAZI SOKONI

Viazi havioti Ifo. Hutoka nyanda za juu, mahali kama Meru na Nyandarua, vikasafiri kwa lori zaidi ya kilomita mia tatu hadi daraja la Mto Tana, kisha kama kilomita mia nyingine kuelekea Dadaab. Barabara ikikatika, viazi huadimika. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoifunga barabara karibu na Garissa, kila aliyekuwa upande huu alijua thamani ya kiazi.

Aina iliyozagaa sana nchini ni Shangi. Ngozi yake ni nyembamba na huiva haraka, jambo linalofaa kwa supu na kwa mtu anayehesabu kuni. Ubaya wake ni kwamba huchipua upesi. Usinunue vya wiki tatu.

Hapa pana jambo la hatari ambalo naomba ulisome mara mbili. Kiazi kikianikwa juani au mwangani kwa siku kadhaa hugeuka rangi kuwa kijani. Rangi hiyo ni dalili kwamba sumu iitwayo solanini imeongezeka chini ya ngozi. Sumu hii haifi kwa kuchemshwa. Huleta kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuumwa na kichwa, na mtoto mdogo huumia zaidi kuliko mtu mzima. Katika soko la Ifo, ambako jua halina huruma, viazi vya juu ya fungu huwa na kijani mara nyingi.

Basi fanya hivi. Chagua viazi vya chini ya fungu au vilivyofunikwa gunia. Kiazi chenye doa dogo la kijani, kata doa hilo pamoja na nyama ya pembeni yake, na ung'oe macho yote yaliyochipua. Kiazi kilichokuwa kijani kote, au chenye uchungu mdomoni, kitupe. Usimpe mtu mwingine. Nyumbani viweke ndani ya gunia au kikapu mahali penye giza na hewa. Mfuko wa plastiki huvitoa jasho vikaoza.

MAHITAJI YA WATU SITA

Viazi kilo moja na nusu. Njegere kavu za manjano zilizopasuliwa, kikombe kimoja; kama huna, tumia ndengu. Vitunguu maji viwili vikubwa. Punje tatu za kitunguu saumu. Karoti mbili. Nyanya tatu. Fungu moja la sukuma wiki, mchicha au majani ya kunde. Mafuta vijiko viwili vya mezani. Binzari nyembamba ya kusaga kijiko kimoja cha chai, manjano nusu kijiko, pilipili manga nusu kijiko. Kama una xawaash iliyosagwa nyumbani, tumia vijiko viwili vya chai vya hiyo badala ya viungo vyote hivyo, mradi isiwe imechanganywa na chumvi. Chumvi kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu. Dania kidogo. Ndimu mbili. Maji vikombe vinane.

Sikutaja vidonge vya kukoleza mchuzi. Sikuvisahau.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, loweka njegere tangu asubuhi, au usiku uliotangulia, kisha umwage maji yake na uzioshe. Njegere iliyolowekwa huiva kwa nusu ya kuni.

Pili, osha viazi vizuri. Kama ngozi ni nyembamba na safi, haina kijani, ibakize, maana ina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Vipande vidogo huiva upesi.

Tatu, tia mafuta na vitunguu katika sufuria, funika, na uvipike kwa moto mdogo. Vikianza kushika chini, nyunyizia kijiko cha maji badala ya kuongeza mafuta. Subiri dakika kumi mpaka vilainike na kunukia. Tia kitunguu saumu na viungo vyote, ukoroge kwa dakika moja. Viungo vikipata joto ndani ya mafuta hutoa harufu yote, na harufu hiyo ndiyo itakayokusahaulisha chumvi.

Nne, tia njegere na maji. Ikichemka, punguza moto, funika na uache kwa dakika thelathini hivi mpaka njegere ziweze kupondeka kwa kijiko.

Tano, tia viazi na karoti. Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Usitie nyanya bado. Uchachu wa nyanya hufanya njegere na viazi vikawie kulainika, nawe utachoma kuni bure.

Sita, viazi vikiiva, chukua mwiko uponde kama theluthi moja ya viazi hapo hapo sufuriani, ukivibana ukutani mwa sufuria. Hii ndiyo siri ya supu nzito bila mafuta wala unga. Wanga wa kiazi hushikana na maji, na supu huwa nzito kama iliyotiwa maziwa ya mgando.

Saba, sasa tia nyanya zilizokatwa na chumvi. Baada ya dakika nane tia mboga za majani zilizokatwa, chemsha dakika tatu tu, epua. Nyunyiza dania. Kamulia ndimu ukiwa tayari kupakua.

Kama una mfupa wa mbuzi, uchemshe kwanza peke yake, uache mchuzi utulie, kisha uengue mafuta yanayoelea kwa upawa. Tumia mchuzi huo badala ya maji.

Kwa hesabu yangu bakuli moja lina kalori 370 hivi, protini gramu 13 na mafuta gramu 5, na chumvi iliyotiwa ni gramu moja tu kwa kila mtu. Kwa kupima mafuta peke yake, umepunguza kama kalori 125 katika kila bakuli ukilinganisha na ile ya nusu kikombe cha mafuta. Na bado mtu ameshiba.

SUFURIA MOJA, MABAKULI MAWILI

Sasa tumefika kwa mtoto, ambaye mimi nilimsahau.

Mtu mzima mwenye presha anahitaji chakula kinachojaza tumbo bila kumtia mafuta mengi. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kinyume chake. Tumbo lake ni dogo. Mtoto wa kilo 8 hupokea kwa wakati mmoja kama mililita 240, yaani karibu kikombe kimoja tu, kisha amejaa. Kikombe hicho kikiwa na maji mengi, ameshiba bila kula. Atalala, hatalia, nawe utadhani mambo ni mazuri, kumbe mkono unakonda siku kwa siku.

Usipike mara mbili. Pika sufuria moja, kisha gawanya hivi. Kabla ya kutia chumvi, chota viazi, njegere na karoti kutoka chini ya sufuria, uviweke katika bakuli la mtoto na uviponde viwe uji mzito usiomwagika kijiko kikiinamishwa. Tia vijiko viwili vya chai vya mafuta. Hivyo peke yake vinaongeza kama kalori 80. Ukiwa na siagi ya njugu, yai lililoiva, au maziwa yaliyochemshwa, tia. Majani yakiiva, chota kidogo uyasage ndani yake, na mwisho matone ya ndimu. Mtoto aliyepita miezi sita ale hivi mara kadhaa kwa siku, huku akiendelea kunyonya mpaka afikie miaka miwili au zaidi.

Mama mjamzito na anayenyonyesha ahesabiwe upande wa mtoto. Na kwa hawa wote nina ombi: chai isiandamane na chakula. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika njegere na mboga, ilhali ndimu huyasaidia kuingia. Ngoja saa moja baada ya kula, ndipo unywe chai yako yenye hiliki kwa raha. Na mtoto mdogo asipewe chai kabisa.

WANAOPASWA KUJIHADHARI

Mwenye kisukari asikimbie supu hii, lakini aile kwa akili. Kiazi hupandisha sukari haraka, na kiazi kilichopondwa hupandisha haraka zaidi. Achote vipande vizima, visizidi ukubwa wa ngumi yake, aongeze njegere na majani. Na asiandamanishe supu hii na canjeero, ugali au mkate. Kiazi kimeshachukua nafasi ya hivyo.

Mwenye ugonjwa wa figo ni mtu wa kipekee. Figo zikichoka hushindwa kuitoa potasiamu, nayo ikizidi katika damu inaweza kuusimamisha moyo. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril na losartan, nazo huweza kuipandisha. Ukiwa na ugonjwa wa figo, muulize daktari wako kabla ya kula viazi vingi, na usinunue ile chumvi ya badala inayouzwa kuwa ni salama kwa presha bila kumwuliza, kwa sababu mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu.

Na wewe mwenye presha, supu si dawa. Usiache vidonge kwa kuwa umebadilisha upishi. Presha haina maumivu siku zote. Nimewaona watu walioacha dawa kwa kujisikia vizuri, wakarudi wakiwa wamepooza upande mmoja.

KUNI NA KIPORO

Yule mama aliniuliza juu ya kuni, na swali lake halikuwa dogo. Katika miaka ya 1990 wanawake wa kambi za Dadaab walishambuliwa na kubakwa vichakani walipokwenda kuokota kuni, hata mwaka 1998 UNHCR ikaanzisha mpango wa kuwagawia kuni. Daktari akikuambia "chemsha kwa saa mbili" bila kukuuliza kuni zitatoka wapi, hajamaliza kazi yake.

Kwa hiyo jaribu njia hii. Weka kikapu kikubwa na ukitandike kwa blanketi kuukuu au magunia. Viazi vikishatokota dakika tano, epua sufuria ikiwa na kifuniko chake, iingize katika kikapu, uifunike kabisa kwa blanketi nyingine. Baada ya dakika arobaini utakuta viazi vimeiva kwa joto lao wenyewe. Ndipo urudishe motoni kidogo kwa ajili ya nyanya na majani, na uhakikishe supu imetokota kabla ya kupakua.

Kuhusu kiporo: katika joto la Garissa, supu iliyoachwa nje zaidi ya saa mbili huanza kuzaa vijidudu. Kupasha moto huua vijidudu vingi, lakini si sumu zote ambazo vimeshatoa. Pika ya kumalizika. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kumlisha mtoto, na mboga zioshwe kwa maji safi. Kipindupindu kilizuka Dadaab mwishoni mwa mwaka 2022, na kila aliyekuwa huko anajua kwamba bakuli la chakula huweza kuleta uhai au mauti.

KWA KUMALIZIA

Yule mtoto alirudi kila wiki kupimwa. Katika wiki ya nane utepe ulionyesha sentimita 12.8, rangi ya kijani, naye alinivuta kifaa changu cha kusikilizia moyo kwa nguvu za kuridhisha. Bibi naye aliendelea na vidonge, na presha yake ikabaki 140 juu ya 84. Nilimwuliza kama ameizoea supu mpya. Akasema kupitia kwa mkaza mwanawe kwamba hii yenye ndimu ni chakula, lakini ile ya kwanza niliyoiagiza ilikuwa maji ya kuoshea viazi.

Mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara katika miaka ya karibuni kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili, na kuna miezi ambayo shauri langu la kupunguza mafuta halina maana kwa sababu mafuta yenyewe hayapo. Najua hivyo. Katika miezi kama hiyo mafuta machache yaliyopo yaende katika bakuli la mtoto kwanza, na mkono wake upimwe. Utepe ule haugharimu kitu katika zahanati. Usingoje mpaka akatae kucheza.

Nawe msomaji uliye mbali na Ifo, daktari akikuambia ubadilishe chakula, mwulize swali moja kabla hujatoka chumbani mwake: "Na wengine wanaokula nami, je?" Mimi siku hizi huuliza swali hilo mwenyewe, foleni iwe ndefu namna gani.